Nakshi Isiizidi Asali: Kutangaza Biashara Mtandaoni kwa Busara ya Confucius

Nauza asali kwa simu. Inatoka Sikonge, mkoani Tabora, kwenye madumu ya lita 20. Naichuja na kuijaza kwenye chupa hapa Dar es Salaam, na karibu wateja wangu wote hunipata kupitia Instagram na WhatsApp. Nilipoanza nilikuwa na asali nzuri na ukurasa mbaya. Picha nilizipiga usiku chini ya taa ya jikoni, chupa ikiwa na michirizi, na maelezo yalikuwa maneno matatu: "Asali ipo, karibuni." Nilikuwa nimelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, basi nikakaa kungoja asali ijiuze. Haikujiuza.

Baadaye nikaelemea upande wa pili. Nikanunua taa, nikajifunza kuchezea rangi za picha, nikaandika "dhahabu ya Tabora" na "tiba ya magonjwa zaidi ya arobaini". Oda zikaja. Ndipo mama mmoja wa Mbagala alipopokea chupa yake akaniandikia: "Mwanangu, hii siyo ile niliyoiona." Asali ile ilikuwa safi, haina hata tone la sukari. Lakini ilikuwa nyeusi kama kahawa, na kwenye picha nilikuwa nimeigeuza ya manjano. Nilimrudishia pesa yake, naye hakununua tena kwangu. Kilichoniuma ni kwamba asali ya kweli ilikataliwa kwa ajili ya uongo wa picha yangu mimi.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wa Kichina aliyekufa karne nyingi kabla simu haijafikiriwa. Mwongozo huu nauandika kwa mtu ambaye tayari ana bidhaa ya kweli mkononi na anataka ionekane. Mifano yangu ni ya asali kwa kuwa ndiyo niijuayo. Wewe weka vitenge vyako, viungo vyako, viatu vyako au kazi yako ya ufundi.

Maneno mawili ya kushika kwanza

Confucius, ambaye Wachina humwita Kongzi, yaani Mwalimu Kong, alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ya Lu, ambayo leo imo ndani ya jimbo la Shandong, akafariki mwaka 479 KK. Mazungumzo yake yalikusanywa na wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, katika mkusanyo uitwao Lunyu, wenye juzuu 20 fupi. Katika juzuu ya 6 kuna maneno ambayo nimeyabandika ukutani, juu ya meza ninayofungia mizigo:

"Kiini kikiizidi nakshi, huwa ni ushamba. Nakshi ikikizidi kiini, huwa ni ukarani. Nakshi na kiini vikikaa sawasawa, hapo ndipo pana muungwana."

Neno ninaloliita nakshi ni *wen*, ambalo asili yake ni michoro na mistari ya urembo. Kiini ni *zhi*, kitu chenyewe kabla hakijapambwa. Karani anayesemwa hapa ni yule mwandishi wa ikulu za kale, bingwa wa maneno ya sherehe hata pale moyo wake usipokuwemo. Na muungwana nimelichagua kwa makusudi. Neno lao, *junzi*, lilianza kwa maana ya mtoto wa bwana, kisha kwa mafundisho ya Confucius likawa jina la mtu mwenye mwenendo mwema wa ukoo wowote. Neno uungwana nalo lilipita njia hiyohiyo kwetu pwani, likatoka kwenye nasaba likaingia kwenye tabia.

Usidhani mwalimu huyu alilidharau soko. Mmoja wa wanafunzi wake wakubwa, Zigong, alikuwa mfanyabiashara. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba alinunua na kuuza kati ya dola za Cao na Lu akawa tajiri kuliko wanafunzi wenzake. Siku moja Zigong alimwuliza mwalimu: tuna jiwe zuri la jedi, tulifungie sandukuni au tutafute mnunuzi wa bei nzuri? Confucius akajibu, "Liuzwe! Liuzwe! Mimi nangoja mwenye bei." Alikuwa akisema juu ya kipaji chake mwenyewe na mtawala wa kukitumia, lakini hakuona haya kuisema habari hiyo kwa lugha ya sokoni. Kutangaza mali yako, basi, hakuna ubaya wowote.

Hatua ya 1: Andika kiini kabla hujashika simu

Mwanafunzi mwingine, Zixia, aliuliza maana ya ubeti wa zamani unaomsifu mwanamke mrembo: tabasamu lake, macho yake, na rangi zinazowekwa juu ya weupe. Confucius akamjibu kwa maneno machache: kuchora huja baada ya weupe kuandaliwa. Zixia akaelewa papo hapo kwamba na adabu vilevile huja juu ya kitu kilichokwisha kuwapo, na mwalimu akafurahi sana.

Weupe wako ni ujuzi wa bidhaa. Kila mzigo unapoingia, chukua daftari na uandike habari zake kabla ya kupiga picha hata moja. Ukurasa mmoja wa daftari langu husomeka hivi:

*Madumu manne, Sikonge. Nyuki wakubwa. Mizinga ya magogo, michache ya masanduku. Imevunwa Juni. Imechujwa kwa kitambaa mara mbili, haikupashwa moto. Unyevu asilimia 18. Rangi ya kahawia iliyokoza. Ina harufu ya moshi kwa mbali.*

Unyevu naupima kwa kifaa kidogo cha mkononi: unadondoshea tone la asali kwenye kioo chake na kuchungulia kipimo. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka unyevu usizidi asilimia 20 kwa asali nyingi, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Kifaa hiki kimenisaidia kuliko taa zote nilizowahi kununua. Mteja akiniuliza nitajuaje kama asali yako haijatiwa maji, ninayo namba ya kumpa na ninayo video ya kumwonyesha kipimo kikisoma.

Tazama pia mstari wa mwisho wa ukurasa ule: harufu ya moshi. Hiyo ni kasoro, inatokana na moshi mwingi wakati wa kurina. Iandike. Kasoro usiyoiandika kwenye daftari hutaitaja kwenye tangazo, na mteja ataigundua peke yake kwa pua yake.

Kisha hesabu. Mencius, aliyeishi zaidi ya karne moja baada ya Confucius, anasimulia kwamba mwalimu huyo aliwahi kuwa mtunza ghala, na kuhusu kazi ile alisema tu kwamba hesabu zake ziwe sawa, basi. Kwenye asali hesabu hupotea kati ya lita na kilo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa hiyo chupa ya mililita 700 hubeba asali ya karibu kilo moja. Muuzaji akiandika "kilo moja" juu ya chupa hiyo hajadanganya, ila mteja aliyezoea kununua kwa lita atadhani amepunjwa. Na muuzaji akiandika "lita moja" juu ya chupa hiyohiyo, amempunja kweli. Andika vyote viwili, mililita na gramu, kwenye lebo na kwenye tangazo. Kama unauza kitenge, pima mita mwenyewe kwa futi ya fundi, usinakili alichoandika aliyekuuzia. Kama unauza viatu, toa urefu wa soli kwa sentimita, maana namba 40 ya kiwanda hiki si namba 40 ya kile.

Hatua ya 2: Sahihisha majina

Zilu, mwanafunzi mwenye haraka, alimwuliza mwalimu: mtawala wa Wei akikukabidhi serikali yake, utaanza na nini? "Na kusahihisha majina," akajibu. Zilu akaona hilo ni jambo la kuzungukazunguka. Confucius akamkemea: majina yasipokuwa sahihi, maneno hayaendi sawa, maneno yasipokwenda sawa, mambo hayafanikiwi. Mahali pengine analalamika juu ya kikombe cha kunywea mvinyo kiitwacho *gu*, ambacho hakikuwa tena na umbo lililokipa jina: "*Gu* isiyo *gu*! *Gu* gani hiyo!"

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo wauzaji wengi wa mtandaoni wanayoiruka. Pitia kila sifa unayoitumia kwenye ukurasa wako na uiulize: ni kitu gani ndani ya chupa kinachokupa haki ya kuitwa hivyo?

Nilipoufanya uchunguzi huo kwenye ukurasa wangu, haya ndiyo yaliyonipata.

"Asali mbichi." Jina hili ni halali tu kama haikupashwa moto. Mzigo mmoja nilikuwa nimeutia kwenye maji ya moto sana ili uchujike upesi, nao nimeuita mbichi. Nikaliondoa neno kwenye mzigo ule.

"Asali ya nyuki wadogo." Nyuki wadogo hawana mwiba wa kudunga, na asali yao ni nyepesi zaidi, ina uchachu, na ni ghali. Ukiichanganya nusu kwa nusu na ya nyuki wakubwa, huna tena asali ya nyuki wadogo. Una mchanganyiko, na mchanganyiko unalo jina lake na bei yake.

"Ya kilimo hai." Neno hili lina viwango na ukaguzi nyuma yake, na Afrika Mashariki ipo nembo yake, Kilimohai. Nyuki wangu wanaruka msituni na naamini hakuna dawa ya shamba karibu, lakini kuamini kwangu si ukaguzi. Naandika "asali ya msitu wa miombo", na hilo naweza kulisimamia.

"Inatibu." Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana si jambo la mtindo wa uandishi. Karibu asilimia 80 ya uzito wa asali ni sukari, zaidi glukosi na fruktosi. Anayeandika kwamba asali inatibu kisukari anamwekea mgonjwa hatari mezani, na wapo watu wanaoacha dawa kwa ajili ya tangazo la namna hiyo. Mimi niliandika magonjwa arobaini. Sikuwa na ushahidi hata wa ugonjwa mmoja. Niliunakili mstari ule kwa muuzaji mwingine, naye nadhani aliunakili kwa mwenzake. Nimeufuta, na mahali pake nimeweka onyo ambalo kila muuzaji wa asali anapaswa kuliweka: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ambao tumbo lake changa haliwezi kuwazuia.

Niliogopa kwamba onyo lile litawafukuza wateja. Kina mama ndio waliolisambaza zaidi kuliko posti yoyote niliyowahi kuandika.

Ukimaliza, utajikuta na maneno machache kuliko uliyoanza nayo. Usiyaonee huruma yaliyoondoka.

Hatua ya 3: Sasa pamba, na upambe vizuri

Wapo watakaofika hapa wakasema: vema, basi niseme ukweli mtupu, mapambo niyaache. Hoja hiyo ilishatolewa mbele ya Zigong, na mtu mmoja wa dola ya Wei aliyeitwa Ji Zicheng: muungwana anahitaji kiini tu, nakshi ya nini? Zigong, mfanyabiashara, alisikitika. Akamjibu kwamba nakshi ni sawa na kiini na kiini ni sawa na nakshi. Ngozi ya simba-marara au ya chui ikinyolewa manyoya, haina tofauti na ngozi ya mbwa au ya kondoo iliyonyolewa.

Jibu hili ndilo lililoniachanisha na methali ya kizuri chajiuza. Dukani mteja anaonja, ananusa, anakigeuza chombo. Kwenye simu hana ila picha na maneno, na asali safi iliyopigwa picha gizani inafanana na sukari iliyochemshwa. Ukiacha kupamba kwa kisingizio cha ukweli, unaunyoa ukweli wako manyoya.

Anza na picha. Piga mchana, karibu na dirisha, jua lisiingie moja kwa moja. Futa chupa kwa kitambaa chenye maji ya moto kisha ukikaushe kioo. Michirizi ya asali nje ya chupa ndiyo inayoua picha nyingi. Tandika kitambaa cheupe au kanga isiyo na maua mengi. Kisha kumbuka siri ya kioevu: mwanga ukitoka nyuma ya chupa, asali nyeusi huonekana ya dhahabu. Ni picha nzuri, na si uongo kwa sababu ndivyo mwanga unavyofanya, lakini mteja hatakula mwanga. Kwa hiyo mimi hupiga picha tatu kila mara: moja ya chupa yenye mwanga nyuma, moja ya kijiko juu ya sahani nyeupe inayoonyesha rangi halisi, na moja ya lebo inayosomeka. Kubadilisha rangi nimeacha kabisa. Kuongeza mwangaza kidogo wakati wa mawingu naruhusu, mradi sahani ibaki nyeupe kama ilivyo. Sahani ikianza kuwa ya manjano, nimeshaanza kudanganya.

Kuhusu maneno, Confucius alikuwa na kanuni moja fupi: maneno yafikishe maana, basi. Mstari wa kwanza ndio pekee ambao watu wengi watausoma, kwa sababu simu hukata maelezo marefu. Weka hapo jina la kitu, ujazo na bei.

Bei, naam. Tabia ya kuandika "bei njoo inboksi" naipinga kwa moyo wote. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini naianika bei yangu wakati washindani wanasoma. Washindani wataijua hata hivyo, wakituma ndugu yao kuuliza. Anayefichwa ni mteja, na mteja anayefichwa bei hudhani kwamba itapimwa kwa sauti yake, mtaa wake au picha yake ya wasifu. Wengine hawaulizi kabisa, wanapita tu, nawe hutajua kamwe kwamba walikuwapo.

Tangazo langu la zamani lilikuwa hivi:

*DHAHABU YA TABORA IMERUDI!!! Asali ORIGINO 100%, tiba ya magonjwa zaidi ya 40, kwa afya yako na familia. Mzigo ni mchache, WAHI SASA! Bei inboksi.*

La sasa, kwa mzigo ule wa daftarini:

*Asali ya Sikonge, mililita 700 (karibu kilo 1), sh. 13,000.*
*Imevunwa Juni kwenye misitu ya miombo. Nyuki wakubwa. Nimeichuja mara mbili bila kuipasha moto. Unyevu wake ni asilimia 18, video ya kipimo ipo picha ya nne.*
*Ni nyeusi, utamu wake umekolea, na ina harufu ya moshi kwa mbali. Anayependa asali nyepesi ya chai angoje mzigo ujao. Kwa maandazi, uji na nyama ya kuchoma, hii ndiyo.*
*Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe.*

Tangazo la pili ni refu zaidi, na limepambwa. "Utamu umekolea" ni pambo. Kumtajia mtu maandazi na nyama ya kuchoma ni pambo, tena la kumfanya ameze mate. Lakini kila pambo limeegemea kitu kilichomo ndani ya chupa. Hata moshi, niliouandika daftarini kama kasoro, umepata mlaji wake. Kuna baba mmoja huninunulia mizigo ya moshi tu, anasema inamkumbusha kijijini kwao.

Hatua ya 4: Ahadi ziwe fupi kuliko mkono

Zigong alipouliza muungwana ni mtu gani, alijibiwa: ni yule anayelitenda neno lake kwanza, kisha ndipo anapolisema. Lichukue kama kanuni ya kazi. Kabla sijaandika kwamba natuma mikoani, nilituma kwanza chupa sita kwa basi kwenda kwa ndugu zangu wa Mwanza, Mbeya na Tanga. Mbili zilifika zimevuja. Nikabadilisha vifuniko, nikaanza kufunga kila chupa kwenye mfuko wake na kuisimamisha ndani ya boksi lenye magazeti, nikatuma tena. Zilipofika zote salama ndipo nilipoandika "tunatuma mikoani", na nikaongeza siku: Mwanza siku mbili. Mara nyingi hufika kesho yake. Mimi naandika mbili.

Hapohapo ondoa "ofa inaisha leo" ambayo itarudi kesho, "zimebaki tatu" wakati madumu yamejaa stoo, na bei ya juu iliyokatwa mstari ambayo hukuwahi kuuza nayo hata siku moja. Confucius alisema kwamba yeye hajui mtu asiye mwaminifu atafaa kwa lipi, akamfananisha na mkokoteni uliokosa kile kipande kinachouunganisha na nira. Ng'ombe wapo, magurudumu yapo, mzigo umepakiwa, na hakuna kinachokwenda. Kwenye biashara ya simu kipande hicho ni kidogo vivyo hivyo: mteja anakutumia pesa kabla hajakiona kitu. Kama mteja ni mpya na yuko mjini, mruhusu alipe akipokea. Utapata hasara ya safari moja moja ya bodaboda. Mimi naihesabu ndani ya gharama za matangazo, na ni rahisi kuliko kulipia posti isambazwe.

Hatua ya 5: Sifa na lawama, vyote vichunguze

Confucius alisema: "Wengi wakimchukia mtu, lazima uchunguze, wengi wakimpenda, lazima uchunguze." Nadhani hakuna maneno ya kale yanayoufaa mtandao wa leo kuliko hayo. Usinunue wafuasi, na usimwombe shemeji aandike ushuhuda wa bidhaa ambayo hajaionja. Lakini pia zipekue sifa za kweli. Niliwahi kupata posti iliyopendwa na watu wengi kuliko zote. Nilipotazama mauzo ya wiki ile, yalikuwa ya kawaida kabisa. Watu walikuwa wameipenda picha ya machweo, chupa yangu ikiwa pembeni tu. Sikuirudia.

Lawama zinahitaji uvumilivu zaidi. Lawama kubwa ya asali ni hii: "Imeganda, umetia sukari." Kwa kweli asali safi huganda. Glukosi iliyomo hujitenga ikawa chembechembe, na baridi huharakisha jambo hilo, ndiyo maana wateja wangu wa Njombe, Mbeya na Arusha hulalamika kuliko wa Dar es Salaam. Usifute komenti hiyo, wala usimjibu mtu kwa kejeli kwamba hajui asali. Hili ndilo jibu ninalolitumia, hadharani, chini ya komenti yenyewe:

*Pole dada, na asante kwa kusema. Asali safi huganda yenyewe, hasa kwenye baridi, kwa hiyo kuganda peke yake hakuonyeshi kwamba imetiwa sukari. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasichemke, italainika. Video ya kipimo cha mzigo huo nimekuwekea hapa. Ukiona bado huna imani nayo, irudishe, nitakurudishia pesa na nauli.*

Tangu nianze kujibu hivyo nimerudishiwa chupa mbili tu. Tena nimejifunza kusema mapema: tangazo la mzigo unaokwenda nyanda za juu sasa lina mstari wa kuganda tangu mwanzo.

Na ukilaumiwa kwa haki, kubali kwa jina la kosa. "Chupa yako ilipungua gramu 60, nimekosea kupima" ni jibu. "Samahani kwa usumbufu" ni ukarani.

Hatua ya 6: Maswali matatu ya Jumapili

Zengzi, mwanafunzi mwingine, alisema kila siku alijichunguza kwa mambo matatu: je, nimewatumikia wengine kwa moyo mmoja? Je, nimekuwa wa kuaminika kwa marafiki? Je, nimeyatenda niliyofundishwa? Mimi hufanya hivyo mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, simu mkononi na daftari mapajani. Nasoma posti zote za wiki na kuuliza: kuna neno lolote hapa ambalo halimo daftarini? Kuna kitu kizuri daftarini ambacho sijakionyesha? Kuna ahadi niliyoitoa ambayo bado sijaitimiza?

Swali la pili usiliruke. Wauzaji waaminifu hulisahau, nao ndio wanaonyamaza mno. Wiki kadhaa zilizopita niligundua kwamba sijawahi kumwonyesha mtu yeyote jinsi asali inavyochujwa, dakika ishirini za utepe mweusi ukishuka taratibu kwenye kitambaa cheupe. Nilirekodi dakika moja bila muziki, inasikika tu ikidondoka. Maswali yaliyokuja baada ya hapo yalikuwa ya watu waliotaka kununua.

Kila baada ya miezi miwili mpe ndugu yako pesa, anunue kwenye ukurasa wako kwa namba usiyoijua, kisha akuletee chupa na picha ya tangazo. Viweke mezani pamoja, karibu na dirisha, mchana. Rangi zikitofautiana, shusha posti siku hiyohiyo.

Na mzigo ukiisha, andika kwamba umeisha. Usiiache picha ya asali ya Juni ikiita wateja Oktoba, halafu uwajazie ya mzigo mwingine. Andika: "Ya Sikonge imeisha. Ijayo nikiipokea nitaipima kwanza, kisha nitawaambia."